Bora kwa Kipimo cha Nani?

Neno "bora" limezoeleka vinywani kiasi kwamba ni nadra mtu kusimama na kuuliza limesimama juu ya nini. Husemwa njia bora, dawa bora, utawala bora, shairi bora. Na kila mara msikilizaji hudhani amefahamu. Lakini kila kilicho bora ni bora kwa kipimo fulani, na kipimo hicho kimechaguliwa na mtu. Makala haya yanadai kuwa kuchagua kipimo ni tendo la kimaadili, hata pale linapovaa nguo za hisabati. Ushahidi wake umechukuliwa kutoka katika fani ambayo wapenzi wa fasihi huipita kwa mbali, nayo ni fani ya kubuni mitambo ya pau na bawaba.

Mitambo hiyo si migeni kwa yeyote aliyepata kukaa barazani kwa mshoni. Cherehani ya kukanyaga ni mfano wake ulio wazi. Fundi hukanyaga kibao kinachopanda na kushuka, ufito wa chuma huupokea mwendo huo na kuufikisha kwenye mkono wa gurudumu, gurudumu likazunguka. Ukihesabu utaona pau nne: kibao, ufito, mkono wa gurudumu, na kiunzi cha meza ambacho hakitikisiki lakini nacho ni upau kama wenzake. Zimeungwa kwa bawaba nne, basi. Urefu wa upau mmoja ukibadilishwa kidogo, tabia ya mtambo mzima hubadilika. Gurudumu laweza hata kukataa kumaliza mzunguko. Mjerumani Franz Grashof aliweka kanuni ya jambo hili mwaka 1883: jumla ya upau mfupi kabisa na mrefu kabisa isipozidi jumla ya hizo mbili zilizobaki, ndipo walau upau mmoja utakapoweza kuzunguka duara kamili. Kwa hiyo kubuni mtambo wa aina hii ni kuchagua tarakimu chache, yaani urefu wa pau. Na kutafuta mtambo ulio bora ni kutafuta tarakimu zilizo bora. Hapo ndipo mjadala unapoanza.

Tatizo lililowafungua watu macho lilikuwa jepesi kulisema. Pau zinazozunguka kwenye bawaba huchora matao na duara kwa tabia yake. Vipi zitaweza kuchora mstari mnyoofu? James Watt alilikabili swali hilo nchini Uingereza katika miaka ya 1780. Injini yake mpya ya mvuke iliisukuma pistoni pande zote mbili, kwenda na kurudi, ilhali mnyororo uliotumika zamani kuiunganisha pistoni na boriti kubwa ya mashine ulijua kuvuta tu, haukuweza kusukuma. Ncha ya boriti ilikwenda kwa tao. Fimbo ya pistoni ilitaka kwenda wima. Mwaka 1784 Watt alipata hataza ya mtambo wa pau uliozipatanisha mbili hizo. Nukta moja ya upau wa kati huchora umbo refu linalofanana na tarakimu nane, na sehemu ya katikati ya umbo hilo imekaribia mno kunyooka. Imekaribia, haikunyooka. Uzeeni, katika barua kwa mwanawe, Watt alieleza kuwa aliuonea fahari mtambo huu kuliko uvumbuzi wake mwingine wowote. Alijivunia kitu alichojua kuwa kina kosa ndani yake.

Watt aliupata urefu wa pau zake kwa ustadi na majaribio. Aliyeuliza swali la pili alikuwa Mrusi Pafnuty Chebyshev, mwanahisabati aliyezaliwa mwaka 1821. Baada ya kuzuru viwanda vya Ulaya Magharibi mwaka 1852, alitaka kujua kama kuna vipimo bora kuliko vya Watt, na hilo lilimlazimisha kwanza kusema bora ni nini. Katika risala iliyochapishwa mwaka 1854 alitoa jibu lake. Kila mtambo una mahali unapokosea zaidi kuliko pengine pote; tazama mahali hapo, pima kosa hilo kubwa kabisa, kisha chagua mtambo ambao kosa lake kubwa ni dogo kuliko kosa kubwa la mwingine wowote. Kutokana na swali hili la vyuma ilizaliwa nadharia nzima ya ukadiriaji, ambayo mpaka leo inatumika ndani ya kompyuta. Na jibu lake lina sifa moja ya kupendeza: kosa halirundikani mahali pamoja. Linakwenda upande huu wa mstari na upande ule, kama mawimbi yenye kimo kimoja, wala hakuna wimbi linalomzidi mwenzake.

Kipimo hicho hakikuwa pekee. Tangu mwaka 1805 Mfaransa Adrien-Marie Legendre alikuwa amekwisha kuchapisha njia nyingine, nayo ni kuchukua makosa yote, kila moja likazidishwa kwa lenyewe, yakajumlishwa, kisha kutafuta jumla iliyo ndogo kabisa. Njia hii huyatazama makosa kwa jumla yao, wala haiangalii sana ni nani aliyeangukiwa na lipi. Tofauti ya vipimo hivi viwili yaweza kuonekana kwa mfano mdogo. Chukua mitambo miwili, kila mmoja ukapimwa katika nukta 10 za njia yake. Mtambo wa kwanza ni sahihi kabisa katika nukta 9, ila katika nukta ya 10 unakosea kwa milimita 8. Mtambo wa pili unakosea kwa milimita 3 katika kila nukta. Kwa njia ya Legendre, wa kwanza una jumla ya 64 na wa pili una jumla ya 90; basi wa kwanza ndio bora. Kwa kipimo cha Chebyshev, wa kwanza una kosa la 8 na wa pili la 3. Basi wa pili ndio bora, tena kwa mbali.

Ni yupi kati yao aliyekosea hesabu? Hapana. Hesabu zote mbili ni sahihi, na majibu yake yanapingana. Mtu akiiuliza hisabati imwamulie, hisabati itamrudishia swali lake: unataka nini? Ikiwa mtambo unachora pambo juu ya kitambaa, huenda ule wenye nukta 9 zilizo sawasawa ukamfaa zaidi, kwani doa moja laweza kufichwa. Lakini ikiwa mtambo huo ni mguu, na ile nukta ya 10 ndipo unyayo unapogusa ardhi, basi milimita 8 hizo ndizo zitakazomwangusha mtu. Wala hatafarijika kwa kuambiwa kuwa hatua yake, kwa wastani, ilikuwa njema.

Wanafalsafa waliligusa jambo hili hili bila kushika chuma chochote. Jeremy Bentham na wafuasi wake walifundisha kuwa tendo jema ni lile linaloleta jumla kubwa ya furaha. Na jumla, kama ilivyo kwa Legendre, haiulizi mzigo umemwelemea nani. John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya nadharia ya haki, alipinga. Alidai kuwa tofauti za kipato na vyeo haziwi za haki ila zikimfaidi pia yule aliye katika hali duni kuliko wote. Mtu aliyekwisha kuufahamu mtambo wa Chebyshev hatapata tabu kumfahamu Rawls, kwa kuwa wote wawili huanza kwa kumtazama aliye chini kabisa. Haimaanishi kuwa mmoja alijifunza kwa mwingine. Maana yake ni kwamba swali la fundi na swali la mwanafalsafa ni swali moja: kosa likiwa haliepukiki, nani alibebe?

Huenda msomaji akasema: kwa nini kubishana juu ya kugawa kosa, badala ya kuliondoa? Hilo nalo lilijaribiwa, na likafanikiwa. Mwaka 1864 Charles-Nicolas Peaucellier, ofisa wa jeshi la Ufaransa, alitangaza kuwa amepata mtambo unaochora mstari mnyoofu kabisa, usio na kosa hata chembe. Na mwaka 1871 kijana aitwaye Lipkin, huko Urusi, akaupata mtambo huo huo kwa njia yake mwenyewe. Una pau 7 zinazotembea. Imesimuliwa kuwa mwanasayansi Kelvin, alipopewa kielelezo chake mkononi, hakutaka kukirudisha, akisema hajapata kuona kitu kizuri kama kile. Mtambo huo ulitumika hata katika mashine za kupitisha hewa ndani ya majengo ya Bunge huko London. Hata hivyo haukuufuta mtambo wa Watt. Ukamilifu wake ni wa kwenye karatasi. Katika chuma, kila bawaba lazima iwe na nafasi ndogo, maana pini isiyo na nafasi haizunguki; na bawaba zikiongezeka, vilegevu vidogo hujumlishana. Mtambo ulio kamili kwa kanuni huweza kutetereka kuliko ule wenye kosa linalojulikana. Kwa hiyo kosa halikuondoka duniani. Lilihama kutoka katika umbo likaingia katika viungo. Anayeahidi kuondoa kosa lote hana budi kuulizwa amelihamishia wapi.

Karne ya ishirini ilileta nguvu mpya. Mwaka 1923 Mjerumani Hermann Alt aliuliza: ukipewa nukta 9, waweza kupata mtambo wa pau nne utakaopitia zote? Tisa ndiyo idadi ya mwisho ambayo mtambo huo unaweza kudaiwa kwa jumla. Wabunifu walisubiri miaka mingi. Mwaka 1951 walipata kitabu kikubwa cha Hrones na Nelson chenye michoro zaidi ya 7,000 ya njia zinazochorwa na pau nne, wakawa wanakipekua kama mtu apekuavyo kamusi. Hatimaye mwaka 1992 Wampler, Morgan na Sommese, kwa msaada wa kompyuta, walionyesha kuwa swali la Alt kwa jumla lina majibu 4,326, yaliyokaa tatu tatu katika makundi 1,442. Aliyekuwa na uhaba wa majibu sasa akawa na wingi wa kumchanganya.

Lakini wingi huo ulificha jambo ambalo kila mtaalamu wa fani hii hulionya. Majibu mengi kati ya hayo hayawezi kutengenezwa kabisa, kwa kuwa urefu unaopatikana si tarakimu za kawaida. Na katika yale yanayotengenezeka, umo mtambo unaopita nukta zote 9 kwa usahihi, lakini hauwezi kutoka nukta ya nne kwenda ya tano mpaka bawaba ifunguliwe, pau zigeuzwe, kisha ifungwe upya. Umo pia unaopita zote kwa mpangilio uliovurugika. Mlinganyo uliulizwa kama mtambo unagusa nukta. Haukuulizwa kama unaweza kusafiri. Ukajibu ulichoulizwa, kwa uaminifu kamili, na jibu lisifae kitu. Ndivyo ilivyo kwa taasisi inayotimiza kila kigezo siku ya ukaguzi, na baina ya kaguzi mbili haina uhai.

Wasomaji wa mashairi hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa mara ya kwanza. Mtunzi wa tarbia ya bahari iliyozoeleka hufungwa na mizani 16 katika kila mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Hayo ni masharti. Mwanafunzi mwenye bidii aweza kuyatimiza yote, silabi kwa silabi, na asiwe amesema neno lolote lililostahili kusemwa. Kinyume chake, mizani na vina havimkwazi mshairi aliye na la kusema. Humtafutia njia, kama kingo zinavyoutafutia mto njia. Ugomvi mrefu baina ya washairi wa jadi na wa mashairi huru ulipoteza nguvu nyingi kwa sababu pande zote mbili mara nyingine zilichanganya masharti na lengo: huyu akidhani masharti yakitimia lengo limefikiwa, yule akidhani masharti yakivunjwa lengo limekaribia. Mbunifu wa mitambo hutenganisha vitu viwili hivi kabla hajaanza kukokotoa. Kanuni ya Grashof kwake ni sharti. Mwendo mzuri ndio lengo. Sharti hulindwa, lengo hutafutwa, na kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya kingine.

Mwenye kutaka kuona namna lengo zuri linavyozaliwa na mahali na amtazame Theo Jansen, msanii wa Uholanzi aliyezaliwa mwaka 1948 huko Scheveningen, mji wa pwani. Tangu mwaka 1990 amekuwa akiunda viumbe wa mabomba ya plastiki yale yanayopitishwa nyaya za umeme, nao hutembea ufukweni kwa kusukumwa na upepo. Mguu wa kila kiumbe umejengwa kwa urefu wa aina 11. Mtu hawezi kuujaribu kila mchanganyiko wa tarakimu hizo hata angeishi umri wa Nuhu. Jansen aliiamuru kompyuta yake iunde miguu 1,500 kwa bahati nasibu, ichague 100 iliyo bora, izalishe mingine 1,500 kutokana na hiyo, na kuendelea hivyo kizazi baada ya kizazi kwa miezi. Matokeo yake anayaita tarakimu takatifu. Lakini kabla kompyuta haijachagua hata mguu mmoja, Jansen alikwisha kusema mguu mwema ni upi: ule ambao unyayo wake, ukiwa chini, huenda kwa mstari ulionyooka ili mwili usipande na kushuka, kisha hunyanyuka na kurudi mbele haraka. Kipimo hicho alikitoa mchangani, mahali ambapo gurudumu huzama. Basi utakatifu wa tarakimu zile ni wa mchanga. Zikipelekwa kwenye ngazi za nyumba ya mawe hazina baraka yoyote.

Kutoka kiumbe wa plastiki hadi mwili wa mwanadamu ni hatua moja, na hapo mchezo unakwisha. Magoti bandia mengi ya leo ni mitambo ya pau nne. Ubora wake ni kwamba mahali linapojipindia goti husogea kadiri mguu unavyokunjwa, mfano wa goti la mfupa. Mtu akisimama goti hukaza, na akitupa mguu mbele hufupika kidogo ili vidole visikwaruze ardhi. Mbunifu anachagua urefu wa pau, na kwa kuchagua huko anaamua maisha ya mtu. Akilifanya goti likaze sana, mvaaji hataanguka, ila atapata taabu kulikunja kila hatua. Akililegeza, mwendo utakuwa mwepesi na hatari itakaribia.

India ilitoa funzo la jambo hili mapema. Mwaka 1968, huko Jaipur, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi waliunda unyayo bandia kwa ajili ya watu ambao miguu bandia iliyofuata mifano ya Ulaya iliwashinda. Miguu ile haikuwa mibovu. Kwa kipimo chake ilikuwa mizuri: ilikuwa miguu ya mtu avaaye viatu, akaaye kitini na kutembea sakafuni. Lakini mkulima wa Rajasthan huchutama, hukaa chini akikunja miguu, huingia shambani peku penye maji na matope. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Alidhulumiwa na kipimo ambacho hakikumjumuisha. Miaka arubaini baadaye, mwaka 2008, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walishirikiana na taasisi ya huko Jaipur kubuni goti la plastiki la pau nne. Wao walianza kwa kuiweka bei miongoni mwa masharti, kwa kuwa goti bora lisilonunulika kwa masikini si goti kabisa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapo yapo mambo mawili ambayo hesabu huyafanya vizuri, na la tatu ambalo haliwezi. Huweza kuondoa ujinga: ikiwa goti moja linazidi jingine kwa uimara, kwa wepesi na kwa bei, hakuna haja ya kubishana. Huweza pia kukusanya yale yaliyobaki, ambayo hakuna hata moja linaloweza kuongezwa uimara bila kupunguziwa wepesi. Orodha ya namna hiyo huitwa kwa jina la Vilfredo Pareto, mwanauchumi wa Italia. Lakini kuchagua ndani ya orodha hiyo si kazi ya hesabu. Mzee anayeogopa kuanguka bafuni na kijana anayetaka kuwahi gari hawatachagua goti moja, na wote wawili watakuwa sahihi.

Mtu aweza kudai kuwa basi kila kitu ni mapenzi ya mtu binafsi, na ubora ni neno tupu. Dai hilo halisimami. Kwamba kipimo huchaguliwa haina maana kwamba vipimo vyote ni sawa. Kipimo kinachomficha anayeumia ni kibaya kuliko kinachomwonyesha. Kipimo kilichowekwa bila kumuuliza atakayevaa ni kibaya kuliko kilichowekwa pamoja naye. Kipimo kinachotajwa waziwazi, ili kiweze kupingwa, ni chema kuliko kinachojificha nyuma ya neno "kitaalamu". Hata Chebyshev hakufuatwa kwa kuwa kanuni yake iliteremka kutoka juu. Hufuatwa pale ambapo kosa moja kubwa ni maangamizi, na huachwa pale ambapo sivyo. Mwenyewe alikuwa na kilema cha mguu tangu utotoni, akitembea kwa kuchechemea, na mojawapo ya mitambo yake iliyoonyeshwa Paris mwaka 1878 ilikuwa mashine ya kutembea yenye miguu ya pau.

Leo kompyuta hupitia mamilioni ya mitambo kwa muda ambao fundi wa zamani angechonga upau mmoja, na njia zile zile za kutafuta kilicho bora zimekwisha kutoka karakanani zikaingia katika hospitali, shule, benki na idara za serikali. Huko nako hutolewa majibu yaitwayo bora. Atakayeletewa jibu la namna hiyo hana haja ya kuwa mwanahisabati ili alihoji. Yatosha aulize maswali aliyopaswa kuulizwa mbunifu wa goti: kosa limepimwaje, kwa jumla au kwa aliyeumia zaidi, ni lipi lililoachwa bila kupimwa, na je, miongoni mwa waliokaa kuchagua kipimo, alikuwapo atakayeutembelea mguu huo?